Kutoka ustawi wa jamii hadi kamati ya kujenga upya mtaa: mwongozo kwa aliyestaafu

Mwongozo huu ni wako ikiwa umefanya kazi ya ustawi wa jamii au ya watoto kwa miaka mingi, umestaafu, na sasa majirani wanataka jina lako liingie kwenye kamati ya mradi wa kuboresha mtaa. Nakushauri ukubali. Kamati hizi hazikosi watu wanaojua ardhi, pesa na siasa. Lakini swali linaloamua kama mradi utamfaa maskini au utamfukuza ni swali la kazi yetu: nani analala nyuma ya mlango huu, na mradi ukiisha atakuwa analala wapi? Ukiingia kamatini, hilo ndilo la kushikilia. Mengine yote wapo wa kuyashughulikia.

Nitazungumzia Nairobi kwa sababu ndiko ninakokujua. Aliye Kisumu, Mombasa au Nakuru atabadilisha majina tu.

Hatua ya kwanza: jua ni kamati gani unayoitiwa

Kamati ni nyingi na mamlaka yake hayafanani. Katika miradi ya kuboresha mitaa ya mabanda, kuanzia mpango wa taifa wa KENSUP ulioanza mwanzoni mwa miaka ya 2000 hadi KISIP iliyofuata 2011 kwa ufadhili wa Benki ya Dunia na wafadhili wengine, kamati ya wakaazi huitwa SEC (kifupi cha Settlement Executive Committee). Kule Soweto Mashariki, Kibera, viti vyake viligawiwa kwa makundi: wapangaji, wenye nyumba, wajane, mayatima, watu wenye ulemavu, vijana, taasisi za dini, mashirika, na chifu akiingia kwa cheo chake. SEC haitoi zabuni wala haimlipi mkandarasi. Inabeba habari kati ya mradi na wakaazi, na inathibitisha nani ni mkaazi wa kweli. Usiidharau kwa kukosa pesa mkononi, maana kuthibitisha majina ni mamlaka makubwa.

Bodi ya manispaa ni kitu kingine. Imewekwa na Sheria ya Miji na Majiji ya 2011, uteuzi wake unapitia kwa gavana na bunge la kaunti, na mezani kwake hufika mipango ya mji mzima na bajeti. Halafu kuna kamati ya kupokea malalamishi, ambayo kila mradi mkubwa wa wafadhili hulazimika kuwa nayo. Wengi huikimbia kwa sababu haina sifa na ina kelele nyingi. Kwa maoni yangu, mtu wa ustawi wa jamii akipewa nafasi ya kuchagua, aanzie hapo.

Kabla hujasema ndiyo, omba hadidu za rejea, yaani karatasi inayoeleza kazi na mamlaka ya kamati, kwa maandishi. Tazama nani anaita vikao, nani anatunza orodha ya wakaazi, muhula ni wa muda gani, na mjumbe anaondolewaje. Ukiambiwa karatasi hiyo haipo, sema utakubali siku itakapokuwepo.

Hatua ya pili: weka wazi mambo yako

Kama una milango ya kukodisha ndani ya ramani ya mradi, au ndugu yako anayo, litangaze kwenye kikao cha kwanza na uhakikishe limeandikwa kwenye kumbukumbu. Linapofika jambo la ploti hiyo, toka nje wenzako wakiamua. Usingoje kuulizwa. Mtaani kila mtu anajua ploti ni ya nani hata kama hati ina jina lingine.

La pili ni siri za kazi yako ya zamani. Faili za watoto na familia zilibaki ofisini, na yaliyomo yalibaki nazo. Inawezekana ukamkuta kijana uliyewahi kumpeleka makao ya watoto ameketi mkabala nawe kama mwakilishi wa vijana. Msalimie kama mjumbe mwenzako na uishie hapo. Ukisikia mtu anajadiliwa na unamjua kwa undani kupitia faili, tumia tu yale ambayo jirani yeyote anaweza kuyajua. Siku utakapovunja siri moja, hata kwa nia njema, hakuna mama atakayekufungulia mlango tena.

Hatua ya tatu: tembea, kisha soma ramani

Wajumbe wengi huanza na ramani ukutani na chai ya saa nne. Wewe anza na miguu. Ingia asubuhi watu wanapotoka kazini zamu ya usiku, na uingie tena jioni mama mboga wanapowasha taa. Tembea bila msafara wa viongozi. Angalia maji yanauzwa wapi na mtungi wa lita 20 ni bei gani, stima ya sambaza, ile ya kuunganishwa kienyeji, inapita juu ya nyumba zipi, choo cha kulipia kiko umbali gani kutoka nyumba ya mwisho, na mtu mwenye magongo anapitia wapi mvua ikinyesha.

Sasa soma ramani. Mwombe seveya akuonyeshe mistari mitatu: hifadhi ya barabara, hifadhi ya mto na njia ya stima kubwa. Uliza kila mstari unapita juu ya milango mingapi. Mukuru ilipotangazwa eneo maalum la mipango, yaani la kupangwa kivyake, mnamo Agosti 2017, ikihusisha Mukuru kwa Njenga, Mukuru kwa Reuben na Viwandani, kulikuwa na zaidi ya kaya 100,000 kwenye ardhi iliyobanana kupita kiasi. Kupanua barabara kwa vipimo vya kawaida vya mji kungeondoa watu wengi mno, hivyo upana wa barabara ukawa jambo la kujadiliwa na wakaazi wenyewe. Hilo mhandisi hatakuambia usipouliza. Kwake mita tatu za ziada ni usalama wa gari la zimamoto, na ana haki ya kulisema. Kwako mita hizo hizo ni safu nzima ya vyumba. Yote mawili yawekwe mezani pamoja kabla mtu hajapiga muhuri.

Hatua ya nne: linda orodha

Hapa ndipo nitakaa, kwa sababu hapa ndipo mradi unapoamuliwa. Kuhesabiwa kwa wakaazi ndiko kunakozaa orodha, na asiyekuwa kwenye orodha hana nyumba mpya, hana fidia, hana hata haki ya kusikilizwa mbele ya mkandarasi. Sisi tuliowahi kusoma barazani majina ya Inua Jamii, mpango wa serikali wa kuwapa pesa wasiojiweza, tunajua jinsi mtu anavyoweza kupotea kati ya nyumba yake na karatasi.

Chukua ploti moja ya kawaida. Ujia mwembamba, mtaro katikati, milango mitano kila upande, na kila mlango umepigwa namba kwa rangi nyekundu. Vijana wa kuhesabu wanafika saa tano asubuhi. Mlango wa nne una kufuli. Kijana anaandika "tupu" na kusogea. Ndani ya chumba hicho anaishi mama anayechemsha mahindi stejini, anarudi saa tatu usiku, na watoto wake wawili wako shuleni. Kwa neno hilo moja familia nzima imefutwa, na hakuna aliyekusudia ubaya. Kwa hiyo dai kanuni hii kabla kazi haijaanza: mlango wenye kufuli huandikwa "haikupatikana", jirani anaulizwa, na unarudiwa jioni na wikendi. Neno "tupu" liandikwe tu baada ya majirani wawili na msimamizi wa ploti kukubaliana.

Wanaopotea mara nyingi ni wale wale. Mpangaji, hasa mwenye nyumba anapojaza fomu kwa niaba yake. Mke, kwa sababu fomu ina nafasi ya jina moja tu. Mgonjwa aliyelazwa. Mzee anayeishi kwenye kona ya chumba cha mwanawe. Watoto waliofiwa na wazazi, ambao mkubwa wao ana miaka 16 na hana kitambulisho. Anayelala ndani ya kibanda chake cha biashara. Beba orodha hii akilini, na kila karatasi za kuhesabu zinaporudi, tafuta watu wa kila aina. Mtaa wa mamia ya kaya ukikuletea karatasi zisizo na hata nyumba moja inayoongozwa na mtoto, jua kuna mahali hapakuangaliwa.

Kwa watoto wasio na kitambulisho, usikubali jibu la "tutaona baadaye". Pendekeza waandikwe kwa namba ya cheti cha kuzaliwa au barua ya shule, pamoja na jina la mlezi aliyethibitishwa na ofisi ya watoto ya eneo hilo. Unajua ofisi hiyo inavyofanya kazi, na unajua barua ya aina gani inapita. Mjumbe mwingine kwenye meza hiyo huenda hajui. Kwa wanandoa, dai majina yote mawili yaandikwe, na namba zote mbili za vitambulisho. Ndoa zikivunjika katikati ya mradi, jambo ambalo hutokea, mama hatabaki akimwomba chifu amkumbuke.

Kuna upande wa pili pia. Habari za nyumba mpya zikienea, majina ya binamu kutoka kijijini huanza kuota kwenye ploti. Ndiyo maana kuna tarehe ya mwisho ya kuhesabiwa, na aliyehamia baada ya hapo haingii. Itangazwe kwa redio ya mtaa, makanisani, misikitini, na kwa karatasi kwenye sehemu za maji, mapema na kwa lugha nyepesi. Kisha isibadilishwe kwa ajili ya mtu yeyote mwenye jina kubwa.

Mwisho wa kazi hii, orodha ibandikwe hadharani, na watu wapewe muda wa kutosha kuikosoa. Isomwe kwa sauti barazani pia, kwa ajili ya wasiojua kusoma. Kila anayesema "jina langu halipo" apewe karatasi yenye tarehe na namba ya lalamiko lake, hata kama mnadhani anadanganya. Kule Mukuru wakaazi walipangwa kwa vikundi vidogo vya nyumba kumi kumi, na faida ya mpango huo ni kwamba majirani tisa wanajua wa kumi ni nani. Ukiweza kupata mfumo kama huo mtaani kwako, tumia huo kuhakiki.

Hatua ya tano: jifunze kuongea kamatini

Kwenye kazi yetu tulizoea kuandika hadithi ya mtu mmoja kwa ukamilifu. Kamati haiwezi kupitisha hadithi, inapitisha azimio. Ukisimama na kusema "watu wanaumia," watatikisa vichwa kwa huzuni na kuendelea na ajenda inayofuata. Kusanya kesi zinazofanana, ondoa majina, zihesabu, na umalizie kwa pendekezo linaloweza kuandikwa: "Kwenye eneo hili tumekuta wazee wanaoishi peke yao ambao hawawezi kupanda ngazi. Napendekeza vyumba vya chini vitengwe kwa ajili yao kabla ya kura ya kugawa nyumba kupigwa." Hapo mwenyekiti hana budi kuuliza nani anaunga mkono.

Dai ajenda ifike mikononi mwenu siku kadhaa kabla ya kikao. Jua akidi yenu, yaani idadi ya wajumbe inayotosha kikao kuamua, ni wangapi. Soma kumbukumbu za kikao kilichopita neno kwa neno kabla ya kuzithibitisha, kwa sababu "ilikubaliwa" na "ilijadiliwa" ni vitu viwili tofauti kabisa. Kama ulipinga, hakikisha pingamizi lako limeandikwa na jina lako.

Wapangaji na wenye nyumba wataketi meza moja wakiwa na hofu zinazogongana. Mwenye nyumba anaogopa kupoteza kodi anayosomeshea watoto. Mpangaji anaogopa kuhamishwa asirudi. Ujuzi wako wa kupatanisha familia utakufaa hapa. Kutana na kila upande peke yake kwanza, sikia hofu halisi, kisha uwakutanishe kwa jambo moja tu kwa wakati. Usijifanye huna msimamo, lakini usiwadharau wenye nyumba. Wengi wao ni wajane wenye vyumba vinne, na si matajiri wa kuogopwa.

Hatua ya sita: uliza maisha ya katikati na kodi ya mwisho

Michoro huonyesha jengo lililokamilika. Wewe uliza kuhusu miaka ya kabla yake. Familia za Soweto Mashariki zilihamishiwa Lang'ata Septemba 2009, ambako kaya kadhaa ziligawana nyumba moja, kila moja na chumba chake, jiko na choo vikiwa vya pamoja. Kesi mahakamani ilichelewesha ujenzi, na nyumba mpya 822 zilikabidhiwa 2016. Mtoto aliyehama akiwa darasa la kwanza alikuwa darasa la nane nyumba hizo zilipokuwa tayari. Kwa hiyo kila unaposikia neno "muda", uliza: kwa muda gani, na usipotimia nani anagharamia nini? Shule ya karibu ina nafasi? Dawa za kila mwezi zitachukuliwa kliniki gani? Wanaoishi na wenzao kwenye jiko moja watapatanishwa na nani wakigombana? Hilo la jiko linaonekana dogo mpaka uishi humo.

Kisha kodi. Chukua kaya chache zinazokubali, keti nazo jioni, na mwandike pamoja pesa zinazoingia na zinazotoka: kodi ya sasa, maji, choo, stima, karo, chakula, nauli. Kibarua wa viwandani analipwa kwa siku au kwa wiki, na nyumba mpya itataka malipo ya mwezi, amana, ada ya usafi na token za stima. Linganisha. Pengo likiwa kubwa, familia itakodisha nyumba hiyo kwa mwingine na kurudi mabandani, na watu wa nje watasema maskini hawapendi nyumba nzuri. Hilo si kweli. Hesabu tu ilikataa, na hesabu hiyo ingeweza kufanywa kabla ya jiwe la msingi. Ipeleke kamatini ikiwa kwenye jedwali la ukurasa mmoja, na uombe kodi, muda wa kulipa amana na nafasi za biashara kwenye ghorofa ya chini zijadiliwe kwa kuzingatia jedwali hilo.

Hatua ya saba: beba sheria chache mfukoni

Huhitaji kuwa wakili. Lakini jua hizi, na uwafundishe wakaazi. Ibara ya 43 ya Katiba ya 2010 inatambua haki ya kila mtu kupata makao yanayofaa. Ibara ya 35 inampa raia haki ya habari zilizo mikononi mwa serikali, na Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 inaitaka ofisi ya umma ijibu ombi ndani ya siku 21. Andika barua, igongwe muhuri wa kupokewa, hesabu siku. Isipojibiwa, peleka nakala kwa Ombudsman, tume inayopokea malalamishi dhidi ya ofisi za umma.

Kuhusu kuhamishwa, marekebisho ya sheria za ardhi ya 2016 yanataka notisi ya maandishi isiyopungua miezi mitatu. Siku yenyewe, wanaotekeleza wajitambulishe na waonyeshe idhini, maafisa wa serikali wawepo, wanawake, watoto, wazee na watu wenye ulemavu walindwe, na wakaazi wapewe nafasi ya kwanza ya kubomoa na kuokoa mali yao wenyewe. Pia kumbuka kesi ya Mitu-Bell: watu wa kijiji cha Mitumba karibu na uwanja wa ndege wa Wilson walibomolewa 2011, wakapigana mahakamani hadi Mahakama ya Juu, ambayo Januari 2021 ilisema haki ya makao inaweza kudaiwa hata na wasio na ardhi wanaoishi kwenye ardhi ya umma. Ilichukua karibu miaka kumi. Novemba 2021, miezi kumi baada ya hukumu hiyo, maelfu ya watu wa Mukuru kwa Njenga walibomolewa nyumba zao kupisha barabara. Sheria nzuri haimlindi mtu ambaye hakuambiwa ipo, na kumwambia mapema ni kazi ya mjumbe.

Kwa hiyo weka daftari la malalamishi linalofanana na lile la kesi ulilozoea: tarehe, namba, lalamiko kwa maneno ya mlalamishi mwenyewe, hatua iliyochukuliwa, tarehe ya kumrudishia jibu. Soma daftari hilo kila kikao, kuanzia lalamiko la zamani zaidi ambalo halijajibiwa.

Hatua ya nane: jilinde na ulinde nyumba yako

Watakuja nyumbani usiku. Wengine na shida ya kweli, wengine na bahasha. Tangaza siku moja ya wiki na mahali pa wazi, kama ukumbi wa kanisa au ofisi ya chifu, ambapo unaonana na watu kwa mambo ya mradi, na nyumbani usipokee hata karatasi. Bahasha irudishwe hapo hapo mbele ya shahidi, na kikao kinachofuata kiambiwe. Ukitishwa, mwambie mwenyekiti na polisi kwa maandishi, na usitembee peke yako kwenda kuhakiki ploti yenye mzozo.

Kesi za kupigwa kwa mke, mtoto aliyetelekezwa au mgonjwa asiye na dawa zitakufuata kwa sababu watu wanakujua kwa kazi hiyo. Usizibebe. Zipeleke kwa afisa aliye kazini, ufuatilie kama amezipokea, na urudi kwenye orodha. Uzito wa mambo hayo yote mawili ni mwingi kwa mtu wa miaka 60 na zaidi, na mtaa una afisa mwingine lakini hauna mjumbe mwingine anayefahamu orodha kama wewe.

Tangu mwezi wa kwanza tembea na kijana mmoja au wawili kutoka kwenye kundi la wapangaji. Waandike daftari wao, wewe ukikagua. Wafundishe kuuliza jirani kuhusu mlango wenye kufuli, kusoma kumbukumbu kabla ya kuzipitisha, na kuhesabu zile siku 21. Muhula wako ukifika mwisho, wakabidhi daftari mbele ya kamati nzima, na kila lalamiko ambalo halijafungwa lisomwe kwa namba na kuandikwa nani anaendelea nalo.